Rimasta za Hi-Res: kinachobadilika kwenye albamu yako ni nini hasa?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina CD ya albamu moja ya pop ninayoipenda tangu ujana wangu, na CD yenyewe ni ya katikati ya miaka ya 1980. Hivi karibuni nimenunua albamu hiyohiyo kwa faili za biti 24 na kilohezi 192, zenye nembo ya Hi-Res, yaani sauti ya kiwango kilicho juu ya CD, na maelezo yanasema imefanyiwa rimasta kutoka kanda halisi. Mwanzoni nilifurahi sana. Besi imejaa, mwimbaji yuko karibu, na nasikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia. Lakini nikifika wimbo wa nne au wa tano masikio yanachoka, natamani kuzima. Rafiki yangu anasema sijazoea tu sauti ya ubora wa juu. Je, hizo biti na kilohezi ndizo zinazobadilisha sauti? Na hizi CD zangu za zamani nizigawe?

Jibu: Ndugu yangu, masikio yako ni mazima kabisa. Ulichosikia ni kweli, vyote viwili: ile raha ya mwanzo na huo uchovu wa baadaye. Ila havikuletwa na biti 24 wala kilohezi 192. Vimeletwa na mtu. Kuna fundi sauti aliyekaa mbele ya kanda ile miaka mingi baada ya kurekodiwa, akaamua besi iongezwe kiasi gani, sauti za juu zing'ae kiasi gani, na wimbo mzima upandishwe hadi wapi. Kazi hiyo ndiyo rimasta: kutengeneza upya masta, yaani toleo la mwisho ambalo nakala zote hutokana nalo. Maamuzi hayo ungeyasikia vilevile hata kama yangewekwa kwenye CD ya kawaida. Naomba ulishike hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu kwenye tangazo namba huandikwa kwa herufi kubwa, na jina la fundi, likiwepo, huwekwa mwishoni kabisa kwa herufi ndogo. Kwa sikio lako, lenye uzito ni hilo jina.

Tuanze na namba, maana ndizo zilizokuvuta ununue.

CD hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kanuni iliyo nyuma ya kazi hii, iliyojengwa juu ya kazi za Harry Nyquist na Claude Shannon, inasema kwamba ukilipima wimbi kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, unaweza kulirudisha kama lilivyokuwa. Si kwa kukadiria, bali lote. Ile michoro ya ngazi ngazi unayoonyeshwa kwenye matangazo, kwamba CD ina vidato na Hi-Res imenyooka, haionyeshi kinachofika kwenye spika. Kinachofika kwenye spika ni wimbi laini kwa zote mbili. Kwa hiyo CD inabeba kila kitu hadi karibu kilohezi 22, wakati kijana mwenye masikio mazuri husikia hadi karibu 20, na mtu wa makamo mara nyingi hafiki hata 16. Faili lako la kilohezi 192 linaweza kubeba hadi 96. Hayo ya juu yote hakuna sikio la binadamu linaloyapokea kama sauti.

Biti nazo zina hesabu yake. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya mnong'ono na kishindo. Biti 16 zinatoa karibu desibeli 96, biti 24 zinatoa karibu 144 kwenye karatasi. Sasa itazame kanda ya sumaku iliyotumika kurekodi albamu za pop za miaka ya 1960 na 1970. Kanda nzuri ya studio, bila kifaa cha kupunguza mvumo, ina nafasi ya desibeli 60 hadi 70 hivi. Mfumo wa Dolby A, ulioanza kuingia studio katikati ya miaka ya 1960, uliongeza kama desibeli 10. Chini ya hapo ni mvumo wa kanda tu, ile "shhh" unayoisikia kabla wimbo haujaanza. Kanda hiyo inaingia yote ndani ya biti 16 na nafasi inabaki. Kuihamishia kwenye biti 24 ni kwenda na ndoo kubwa zaidi kwenye kisima kilekile, maji hayaongezeki.

Studio ni habari nyingine. Pale biti 24 zina faida ya kweli, kwa sababu fundi anapopandisha, kushusha na kusafisha sauti, kila hesabu ya kompyuta huacha makosa madogo madogo, na biti za ziada huyaweka mbali sana na sikio. Kanda inapohamishwa kwa ajili ya kuhifadhiwa, biti 24 na kilohezi 96 au 192 ndizo zinazofaa, nami nisingekubali chini ya hapo. Albamu za The Beatles zilizotoka upya Septemba 2009 zilihamishwa kutoka kwenye kanda kwa biti 24 na kilohezi 192, kisha CD zikatengenezwa kwa biti 16 kama kawaida. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: nafasi kubwa kwenye kazi, ya kutosha kwenye usikilizaji.

Nisikutake uniamini kwa maneno matupu. Mwaka 2007 jarida la Audio Engineering Society lilichapisha jaribio la E. Brad Meyer na David Moran. Walichukua diski za SACD na DVD-Audio, ambazo ndizo zilikuwa Hi-Res ya wakati ule, wakaweka njiani kifaa kinachoshusha sauti hadi kiwango cha CD, biti 16 na kilohezi 44.1, kisha wakawataka wasikilizaji waseme ni lini kifaa hicho kimewashwa. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hata ukirusha sarafu unapata hivyo. Lakini waandishi hao walisema jambo jingine ambalo watu hulisahau: karibu diski zote zile za SACD na DVD-Audio zilisikika vizuri kuliko CD nyingi za kawaida. Zilisikika vizuri hata zikishushwa hadi kiwango cha CD. Maana yake ni kwamba uzuri ule uliwekwa na mafundi walioziandaa kwa uangalifu zaidi, wakijua anayenunua ni msikilizaji makini.

Kwa haki, niuweke na upande wa pili. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akakuta watu wanatambua Hi-Res kwa asilimia 52.3, na waliofundishwa kwanza cha kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo pengine kipo kitu kidogo. Lakini kitu kidogo cha namna hiyo hakiwezi kuwa ndicho kilichokujazia besi na kumsogeza mwimbaji mbele yako. Tofauti uliyoisikia wewe ni kubwa, na tofauti kubwa ina chanzo kikubwa.

Chanzo cha kwanza ni kanda iliyotumika. Watu husema "kanda halisi" kana kwamba ni moja. Kwenye albamu ya zamani kuna kanda ya njia nyingi, ambayo kila chombo kina njia yake. Kuna kanda ya miksi, ambamo vyote vimeunganishwa kuwa kushoto na kulia. Kutoka hapo ilitengenezwa kanda ya kukatia santuri, ambayo tayari imeshaguswa, halafu nakala za kanda hiyo zikatumwa nchi mbalimbali ili kila mahali wakate santuri zao. CD zilipoanza kuuzwa mwaka 1982 na kampuni zikawa na haraka ya kujaza maduka, kanda iliyokuwa karibu kwenye rafu mara nyingi ilikuwa ni hiyo nakala. Si ajabu CD nyingi za kwanza zilisikika nyembamba na butu.

Na kwa nini kanda ya santuri iliguswa? Kwa sababu santuri ni chombo chenye masharti. Besi nzito huipeleka sindano mbali kulia na kushoto, na ikikaa upande mmoja tu inaweza kuirusha nje ya mfereji wake. Herufi "s" za mwimbaji zikizidi, sindano haiwezi kuzifuata. Tena kadiri upande unavyokuwa mrefu, ndivyo mifereji inavyobanana na sauti inavyolazimika kushushwa. Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka Novemba 1982, ilikumbana na hilo: walipoisikiliza baada ya kukatwa kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa dhaifu, kwa sababu pande zilikuwa ndefu mno. Prodyuza Quincy Jones na timu yake ikabidi wapunguze urefu, ikiwemo kukata sehemu ya The Lady in My Life, na kuzirudia miksi. Rimasta inayofanywa kutoka kanda ya miksi, bila hayo masharti, inaweza kukurudishia besi ambayo iliondolewa kwa ajili ya sindano. Besi uliyoisikia imejaa huenda ni hiyo. Ikiwa ni hiyo, ni zawadi ya kweli.

Chanzo cha pili ni hali ya kanda yenyewe, na hapa umri haurudi nyuma. Kanda huchakaa kwa kuchezwa. Wakati Fleetwood Mac wanarekodi Rumours, iliyotoka mwaka 1977, waliirudisha kanda ya njia nyingi mara nyingi kiasi kwamba ung'avu wa ngoma ulianza kupotea kabla albamu haijaisha. Ikabidi warudi kwenye nakala ya pili ya rekodi za mwanzo na kuzioanisha na yale yaliyokwisha kuongezwa. Hiyo ni miezi tu, bado hatujafika miaka arobaini. Halafu kanda nyingi za kati ya miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayovuta unyevu. Ukiipandisha kanda ya namna hiyo kwenye mashine bila maandalizi, inanata, inapiga kelele, na unga wake wa sumaku unabaki kwenye vichwa vya mashine. Huo unga ndio muziki. Dawa yake ni kuioka kwa joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa nyingi, kisha kuinakili haraka kabla haijavuta unyevu tena.

Kwa hiyo CD yako ya katikati ya miaka ya 1980 inaweza kuwa ilinakiliwa kanda ikiwa bado changa, na rimasta ya juzi ikawa imenakiliwa kutoka kanda iliyochoka. Katika hali hiyo faili kubwa linabeba taarifa chache zaidi kuliko CD. Nimeliona hili kazini, wala si jambo la nadra. Na zipo kanda ambazo hazipo tena kabisa. Moto wa Juni 2008 kwenye maghala ya Universal, Hollywood, uliteketeza kanda za masta, na ingawa kampuni imebishana kuhusu idadi, zilizoungua haziwezi kurudi kwa kilohezi zozote.

Chanzo cha tatu kinafanyika ndani ya dakika chache, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Mwanzoni mwa kanda ya masta, wale mafundi wa zamani waliacha milio ya kupimia: mmoja wa chini, mmoja wa katikati, mmoja wa juu wa kilohezi 10 au zaidi. Unaipandisha kanda, unacheza ule mlio wa juu, unachukua bisibisi ndogo na kuigusa skrubu iliyo pembeni ya kichwa cha kusomea. Kuizungusha hata robo ya mzunguko ni nyingi. Kwenye kioo cha kipimo unaona njia mbili, kushoto na kulia, zimepishana. Unagusa kidogo, zinakaribiana. Unagusa tena, zinalala juu ya mstari mmoja. Ukimaliza, cheza wimbo. Matoazi ya dramu ambayo yalisikika kama mchanga unaomwagwa sasa ni shaba inayogongwa kwa mti. Mwangwi nyuma ya mwimbaji una mwisho wake, unausikia ukififia hadi ukutani. Vile vitu ambavyo hukuwahi kuvisikia, naamini vingi vimetoka hapa.

Hapohapo ndipo makosa ya kasi hugunduliwa. Upande wa kwanza wa Kind of Blue ya Miles Davis, rekodi ya 1959, uliuzwa kwa miongo kadhaa noti zake zikiwa juu kidogo kuliko zilivyopigwa, kwa sababu mashine iliyorekodi masta ilikuwa inazunguka taratibu. Marekebisho yalikuja miaka ya 1990 baada ya kurudia kanda ya mashine ya pili iliyokuwa studio siku ileile. Hiyo ni jazi, lakini hata kwenye pop mambo haya yapo: albamu za mwanzo za Bruce Springsteen zilizotolewa upya mwaka 2014 zilipitishwa kwenye mfumo wa Plangent, unaofuatilia mlio wa juu mno ulioachwa kwenye kanda na mashine ya kurekodia na kunyoosha kuyumba kwa kasi, kisha masta ikafanywa na fundi Bob Ludwig. Piano na kinanda ndivyo vinavyofaidika zaidi, kwa sababu noti inayopaswa kutulia inatulia.

Sasa tuje kwenye uchovu wako.

Sikio la binadamu lina tabia moja ambayo Harvey Fletcher na Wilden Munson waliipima na kuichapisha mwaka 1933: sauti ikipanda, tunazisikia besi na sauti za juu zaidi kuliko zinavyopanda za katikati. Matokeo yake ni kwamba ukicheza wimbo mmoja mara mbili na mara ya pili ukaupandisha desibeli moja tu, wengi hawatasema "umeupandisha". Watasema umekuwa mnene zaidi, una uhai zaidi, mwimbaji amesogea. Yasome maneno yako mwenyewe juu ya furaha ya kwanza uone yanavyofanana na haya. Kila anayeuza rimasta anajua kwamba msikilizaji atailinganisha na toleo la zamani kwa sekunde thelathini, na kwamba ya juu itashinda.

Tatizo ni kwamba sauti ya dijitali ina dari, haipiti hapo. Ukitaka wimbo mzima uwe juu, lazima ubonyeze vile vilele, hasa pigo la ngoma ndogo ya dramu (snare), kwa limita, yaani kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango fulani, kisha uinue vilivyobaki. Miaka ya 1990 na 2000 jambo hili lilifika pabaya. Californication ya Red Hot Chili Peppers ya 1999 ililalamikiwa kwa sauti iliyopasuka. Mwaka 2008 mashabiki wa Metallica waligundua kwamba nyimbo za Death Magnetic zilikuwa na nafasi ya kupumua zaidi kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero kuliko kwenye CD yenyewe, kwa sababu mchezo ulipewa nyimbo kabla hazijabanwa. Hizo zilikuwa albamu mpya, lakini mkono uleule ulizifikia na za zamani. Iggy Pop aliporudia miksi ya Raw Power mwaka 1997 aliifanya iwe kali na ya juu kupita kiasi kwa makusudi, na yake ni haki yake kwa kuwa ni kazi yake. Albamu nyingine nyingi zilifanyiwa vivyo hivyo bila msanii kuuliza.

Ngoma iliyorekodiwa mwaka 1977 ilipigwa na mtu mwenye mkono, na mkono huo una pigo la nguvu na pigo la kugusa tu. Ukiyasawazisha yote mawili, umeondoa mpigaji. Sikio nalo halipati mahali pa kupumzika: hakuna kilele wala bonde, dakika arobaini za nguvu ileile. Ndiyo maana kwenye wimbo wa nne unatamani kuzima. Hili linaniuma, kwa sababu watu wa studio za wakati ule walihangaika kwa wiki kadhaa kutafuta pigo moja la ngoma litakalomgusa msikilizaji kifuani, na linafutwa kwa kugeuza kitufe kimoja.

Unaweza kuliona kwa macho. Fungua programu ya bure ya Audacity, weka wimbo uleule kutoka CD yako na kutoka faili jipya, moja juu ya nyingine. Ikiwa kwenye CD mapigo ya ngoma yanachomoza peke yake juu ya mengine, na kwenye rimasta vyote vimefika kwenye mstari mmoja kama vimekatwa kwa mkasi, umepata jibu. Hesabu ya biti 24 hapo haina maana: umepewa nafasi ya desibeli 144 na muziki umekaa kwenye chache za juu kabisa.

Ukitaka kuthibitisha yote niliyosema, kuna jaribio moja ambalo nalithamini kuliko maoni ya mtu yeyote, nikiwemo mimi. Chukua faili lako la biti 24 na kilohezi 192, litengenezee nakala ya biti 16 na kilohezi 44.1 kwa programu kama SoX au foobar2000. Sasa una vitu vitatu: faili la asili, nakala yake iliyoshushwa, na CD ya zamani. Linganisha kwanza viwili vya mwanzo kwa kipimo cha ABX, ambacho foobar2000 inacho kama kiongezo. Kinakuchezea bila kukuambia kipi ni kipi. Fanya mara 16. Ukipata 12 au zaidi, kuna kitu unakisikia. Kisha linganisha nakala na CD ya zamani, baada ya kusawazisha kiwango cha sauti, maana bila kusawazisha hujapima chochote. Natarajia ushindwe la kwanza na ufaulu la pili kwa urahisi. Hapo utakuwa umetenganisha kazi ya namba na kazi ya fundi.

Programu hiyohiyo ya Audacity inaweza kukuchorea spektogramu, picha ya masafa yote. Ukiona sauti imekatika ghafla karibu na kilohezi 22 na juu yake ni giza tupu hadi 96, shuku kwamba faili lako lilitoka kwenye chanzo cha kiwango cha CD likapanuliwa tu. Kwenye baadhi ya rekodi za zamani utaona pia uzi mwembamba ulionyooka karibu na kilohezi 15.7: ni mlio wa runinga ya kioo iliyokuwa imewashwa studio. Ukiuona ujue angalau hakuna aliyesugua sana. Mafundi wanaosafisha mvumo wa kanda kupita kiasi huondoka na mkia wa mwangwi pia, na wimbo unabaki mkavu.

Tena kuna albamu ambazo tangu mwanzo zilirekodiwa kidijitali. Bop Till You Drop ya Ry Cooder ya 1979 na The Nightfly ya Donald Fagen ya 1982 zilirekodiwa kwa mashine za 3M za biti 16 na kilohezi 50. Brothers in Arms ya Dire Straits ya 1985 nayo ilitumia mashine ya Sony ya biti 16. Ni rekodi nzuri sana, lakini anayekuuzia kwa kilohezi 192 hawezi kukupa kisichorekodiwa.

Jihadhari pia usichanganye rimasta na miksi mpya. Sgt. Pepper ya The Beatles ya 2017, iliyofanywa na prodyuza Giles Martin, ni miksi mpya: alirudi kwenye kanda za mwanzo za njia nne na kupanga upya nani akae wapi. Revolver yao ya 2022 ilikwenda mbali zaidi, ikatumia teknolojia ya timu ya mwongozaji wa filamu Peter Jackson kutenganisha vyombo vilivyokuwa vimeunganishwa kwenye njia moja. Ukisikia ngoma imehamia katikati, hiyo si rimasta, na haina uhusiano wowote na Hi-Res.

Mfano mwingine wa jinsi namba zinavyopewa sifa isiyo yake ni SACD ya The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd iliyotoka mwaka 2003. Diski moja ilikuwa na tabaka mbili, moja ya SACD na moja ya CD, na masta zake hazikuwa sawa: ya CD ilikuwa imebanwa na kupandishwa zaidi. Watu walibonyeza kitufe, wakasikia tofauti, wakasema SACD imeshinda. Walikuwa wanalinganisha kazi mbili za mafundi.

Usisahau njia ya kufikia sikio. Kama unasikiliza kwa hedifoni za Bluetooth, faili lako linapunguzwa njiani kabla halijafika, hata kwa LDAC, mfumo wa Bluetooth wa ubora wa juu, ambayo mwisho wake ni kilobiti 990 kwa sekunde wakati faili la biti 24 na kilohezi 192 ni kilobiti 9,216 kabla ya kubanwa. Hilo lisikusumbue, kwa sababu masta nzuri inasikika nzuri hata hivyo.

Unaponunua tena, usianzie kwenye kilohezi. Tafuta nani alifanya masta, mwaka gani, kutoka kanda ipi, na kama wasikilizaji wanalalamika kwamba imebanwa. Kampuni ikiandika yote hayo wazi, mara nyingi imefanya kazi ya kuheshimika. Ikiandika namba tu, mimi sinunui hadi nimesikia.

Kuhusu CD zako: usizigawe. Majukwaa ya kusikilizia muziki mara nyingi huweka rimasta ya karibuni na kuondoa ya zamani, kwa hiyo masta iliyo kwenye diski yako inaweza isipatikane kokote kidijitali. Zitoe zote ziwe faili za FLAC, zinazopunguza ukubwa bila kupoteza sauti, na kwenye jina la kila folda andika mwaka wa toleo na namba iliyochongwa kwenye duara la ndani la diski, kwa sababu CD mbili zenye jalada moja zinaweza kuwa na masta tofauti. Kuna jambo moja la kuangalia unapozitoa: baadhi ya CD za miaka ya 1980, hasa zilizotengenezwa Japani, sauti zake za juu zilipandishwa makusudi ili mashine ya CD izishushe yenyewe wakati wa kucheza. Kompyuta nyingi hazifanyi hivyo. Ukikuta faili linachoma masikio wakati CD yenyewe kwenye mashine yake imetulia, lipitishe kwenye SoX kwa amri ya deemph, kisha hifadhi nakala hiyo pamoja na ile ya mwanzo.